Uzi: Taipureta mbili zenye historia chungu, na kwa nini sitaki kuziondoa alama

MWENYE UZI

Assalaam alaikum na salamu za heri kwenu nyote.

Huu ni mwaka wa kumi na moja tangu nianze kukusanya taipureta za zamani hapa Mombasa. Ninazo kumi na nne, na karibu zote nilizipata kwa wauza vyuma chakavu, kwa mafundi wa cherehani ambao zamani walikuwa wakizitengeneza mashine hizi pia, au katika nyumba ambazo wenyewe walikuwa wanahama. Kumi na mbili kati yake hazinikoseshi usingizi. Mbili zilizobaki ndizo zilizonifanya nianzishe uzi huu, kwa sababu kuhusu moja nimepewa ushauri mwingi mno, na kuhusu ya pili hakuna aliyewahi kuniambia neno, na naona ukimya huo ndio unaostahili kujadiliwa.

Ya kwanza niliipata Mtwapa, katika vyombo vya mzee mmoja wa Kizungu aliyefariki, vilivyokuwa vikiuzwa na dalali uani mwa nyumba. Ni Olympia Robust, mashine ndogo ya kubebeka iliyotengenezwa Ujerumani kwa matumizi ya jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Dalali aliniambia kwamba ni mashine ya umeme, ila waya wake umepotea. Nilipomuuliza amejuaje, alininyooshea kidole kitufe kimoja cha tarakimu ambacho juu yake pamechorwa alama mbili za radi zilizosimama sambamba. Nilitambua papo hapo zile ni nini, lakini nilinyamaza, nikalipa, nikaondoka nayo. Wiki mbili baadaye nilirudi nikamweleza, kwa sababu ile hali ya kununua kitu ambacho muuzaji hajui alichokibeba ilinikaa vibaya moyoni.

Zile si radi. Ni herufi mbili za S zilizochorwa kwa mtindo wa maandishi ya kale ya Kijerumani, na ndiyo nembo ya SS, kile kikosi cha utawala wa Hitler kilichoendesha kambi za mateso na za mauaji. Mashine kadhaa za Kijerumani za wakati huo, za viwanda tofauti, ziliwekewa alama hiyo ili mpiga taipu asilazimike kuandika S mbili za kawaida. Ni lazima niseme kwamba kitufe hicho peke yake hakithibitishi kwamba mashine ilikaa katika ofisi ya SS, maana yeyote aliyekuwa na shughuli za kuandikiana na kikosi hicho angeweza kuihitaji alama hiyo. Kinachothibitika ni jambo dogo zaidi, nalo kwangu linatisha zaidi: kwamba jina la kikosi hicho lilikuwa likiandikwa mara nyingi kiasi cha kiwanda kuona faida kulitengenezea herufi yake.

Nilipoisafisha niliweka karatasi, nikapiga herufi zote moja baada ya nyingine. Herufi e imelika, tumbo lake limejaa wino uliokauka na linatoka kama doa. Herufi n imelegea. Lakini nilipokibonyeza kile kitufe pamoja na kitufe cha herufi kubwa, alama ilitoka safi, kali kuliko zote, kana kwamba imetoka kiwandani jana. Kwa hiyo mwenyewe hakuitumia sana, au pengine hakuitumia kabisa. Nimeikalia mbele karatasi hiyo zaidi ya mara moja nikijaribu kuamua iwapo jambo hilo linanipa faraja, na bado sijaamua.

Sasa ushauri. Mtu mmoja mwenye baa kwenye ufuo wa kaskazini alinipa bei ya shilingi 60,000 ili aiweke kaunta iwe kivutio cha wageni. Nilikataa bila kufikiri. Rafiki yangu wa karibu alinishauri nichukue faili nikikwangue kitufe, nikilainishe na kile kichwa cha chuma kilicho kwenye ncha ya mkono wa herufi, kisha niitumie mashine kama nyingine yoyote. Wa tatu alisema niitupe. Ushauri wa kukwangua ndio ulioniumiza kichwa zaidi, kwa sababu ulitoka kwa mtu mwema mwenye nia njema. Lakini mashine ikishakwanguliwa itabaki nini? Itabaki Olympia nzuri ya kijivu yenye ä, ö na ü, na mjukuu wangu ataikuta kabatini akadhani ilitumika kuandikia barua za mapenzi. Ushahidi utakuwa umefutwa na mtu ambaye hakutenda kosa lolote, kwa faida ya waliolitenda.

Ya pili ni Imperial 50. Niliinunua kwa kilo, Changamwe, kwa muuza vyuma chakavu aliyekuwa ameipima pamoja na pampu mbovu na fremu ya baiskeli. Imperial ilikuwa kampuni ya Kiingereza iliyoanzishwa Leicester mwaka 1908, na modeli ya 50 ilitoka mwaka 1927. Sifa yake kubwa ni kwamba kibao cha vitufe pamoja na mikono yake ya herufi, na sehemu ya juu inayobeba karatasi, hung'olewa kwa mkono na kubadilishwa bila kuhitaji fundi. Ni mashine nzito, nyeusi, imara, haina alama yoyote ya kutisha. Ubavuni, chini ya tabaka la vumbi na masizi, nilipopitisha kitambaa chenye mafuta ya cherehani, yalijitokeza maandishi ya rangi nyeupe yaliyopigwa kwa brashi: D.C., kisha namba tatu.

Walio na umri wangu wanajua D.C. ni nani. Ni District Commissioner, bwana mkubwa wa wilaya wakati wa ukoloni wa Waingereza. Kutoka katika mashine za namna hii zilitoka hati za kodi ya kichwa, amri za kuhamishwa, barua za kumtaka chifu alete vijana wa kazi, na baada ya Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa kwa sababu ya vita vya Mau Mau, zilitoka hati za kuwekwa kizuizini bila kesi. Barabara yetu hii ya kwenda Nairobi inapita Mackinnon Road na Manyani, na sehemu zote mbili zilikuwa na kambi za kizuizini. Tunapita pale kwa basi usiku, tumelala.

Hakuna hata mtu mmoja aliyeniambia niikwangue Imperial. Hakuna aliyeniambia niitupe. Wageni wakija nyumbani huisifu, huipapasa, huomba wapige picha nayo. Ndipo nikajiuliza kama sisi wakusanyaji tumefundishwa kuona ubaya pale tu ambapo mtengenezaji aliuchonga kwenye kitufe. Naomba maoni yenu, na hasa ya wale ambao jamaa zao waliwahi kupokea karatasi zilizotoka katika mashine hizi.

MCHANGIAJI KUTOKA LIKONI

Kaka, nimeusoma uzi wako mara mbili. Nakuheshimu, lakini naona unalitwika chuma mzigo wa binadamu. Remington walikuwa watengenezaji wa bunduki kabla ya kutengeneza taipureta, na hakuna anayeogopa Remington. Baba yangu alikuwa karani bandarini na alilea watoto saba kwa kazi ya taipu. Mashine ileile iliyoandika amri ndiyo iliyotuandikia barua za kuomba shule. Kisu hukata nyama na hukata mtu, na hatukiweki kisu makumbusho.

Pia ningependa kujua umehakikishaje kwamba hiyo alama ya Olympia ni ya kweli, maana nasikia siku hizi zinaghushiwa.

MWENYE UZI

Ahsante, ndugu yangu. Nianze na swali lako la pili, kwa sababu jibu lake ni la kiufundi na linaweza kumsaidia mkusanyaji mwingine.

Ni kweli zinaghushiwa, kwa kuwa bei hupanda mara alama hiyo inapokuwapo, na hilo lenyewe ni jambo la aibu katika biashara yetu. Usitazame kitufe kwanza, kwa sababu kipande cha juu cha kitufe hubadilishwa kwa dakika tano. Inua mkono wa herufi wenyewe, utazame pale kichwa cha chuma kilipounganishwa na mkono kwa lehemu. Lehemu ya kiwandani ni ndogo, imetandaa sawasawa, na rangi yake inafanana na ya mikono ya jirani. Iliyoongezwa baadaye huwa na uvimbe, au inang'aa kuliko nyingine, na mara nyingi herufi hutoka juu au chini ya mstari. Halafu linganisha namba ya mashine na mwaka wake wa kutengenezwa. Ya kwangu nimeitazama kwa kioo cha fundi saa, na lehemu yake haina tofauti na ya jirani zake. Ongeza na hili, kwamba Ujerumani kwenyewe sheria inakataza kuonyesha nembo hizo hadharani isipokuwa kwa shughuli kama za elimu na utafiti, ndiyo maana wauzaji wa huko hukifunika kitufe hicho kwenye picha. Ukiona muuzaji anakikuza kwenye picha ya kwanza kabisa, jihadhari naye kwa sababu zaidi ya moja.

Kuhusu Remington umesema kweli, na ungeweza kuongeza Rheinmetall, kampuni ya silaha ambayo baada ya Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kuibana Ujerumani, kiwanda chake cha Sömmerda kiligeukia taipureta. Marekani ilikuwa kinyume chake: wakati wa Vita vya Pili Smith-Corona walitengeneza bunduki na Remington Rand wakatengeneza bastola. Tofauti ninayoiona ni hii. Bastola ya Remington Rand haikupitia katika taipureta ya Remington Rand. Hati ya kizuizini ilipitia katika Imperial yangu, au katika dada yake. Kisu hukata nyama kwa mkono wa mtu mmoja, lakini utawala unaoishi kwa hati hauwezi kumfunga mtu mpaka kuwe na karatasi yenye jina lake, nakala kwa mkuu wa kambi, nakala kwa polisi, nakala kwa jalada. Mashine haikuwa shahidi wa mbali aliyesimama dirishani.

Hata hivyo neno lako kuhusu baba yako nimelichukua, na ni kweli kwamba mkate wa watu wengi wema ulitoka humohumo. Na tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: miaka ya 1970 kiwanda cha Imperial pale Leicester kilikuwa na wafanyakazi wengi Waasia, wakiwemo waliotoka Afrika Mashariki, baadhi yao waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Mei 1974 waligoma kwa sababu ya malipo ya ziada na ubaguzi kazini, na chama chao cha wafanyakazi hakikuwaunga mkono. Mwaka uliofuata kiwanda kilifungwa. Kwa hiyo hata jina hilo Imperial, ambalo hapa lilikaa juu ya meza ya bwana mkubwa, kule lilimkuta mtu wa Kampala akiwa amesimama mbele ya lango na bango mkononi.

MCHANGIAJI, ALIYEZALIWA MURANG'A, ANAISHI TUDOR

Wakuu, mimi ni mgeni katika mambo ya kukusanya, lakini uzi huu umenigusa mahali penye kidonda. Babu yangu alipitia Manyani. Hakuwahi kutusimulia mengi. Alichokuwa akikirudia ni kwamba askari wa kambi walikuwa na karatasi, na karatasi ilijua jina lake, jina la baba yake na kijiji chake, na yeye hakujua kilichoandikwa ndani yake kwa sababu hakuna aliyemsomea.

Mwenye uzi, nakuuliza kwa heshima: unapata raha gani kuwa nayo? Mimi ningeiona hiyo Imperial yako ningetafuta nyundo.

MWENYE UZI

Ndugu yangu wa Tudor, pokea pole yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu babu yako. Sitakujibu kwa haraka, na kama maneno yangu yatakuwa mengi univumilie, kwa sababu swali lako ndilo lililonikalia tangu siku niliyoyaona yale maandishi meupe.

Ulichokisema kuhusu karatasi iliyojua jina la babu yako ndicho kiini chenyewe. Ile karatasi iko wapi leo? Mwaka 1961, Waingereza walipoanza kujiandaa kuondoka, kulitolewa maagizo kutoka London kwamba nyaraka zinazoweza kuiaibisha serikali yao zisikabidhiwe kwa serikali mpya. Nyingi zilichomwa moto. Nyingine zilisafirishwa Uingereza kimyakimya. Na katika maagizo yaliyohusu Kenya kulikuwa na njia mbadala ya moto: nyaraka zifungwe katika makasha yenye uzito, zikazamishwe mahali penye kina kirefu pasipo na mkondo, mbali na pwani kadiri inavyowezekana. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimekulia kandokando ya bahari hii, na tangu nilipolisoma jambo hilo siwezi kuitazama meli ikitoka Kilindini bila kulikumbuka.

Zilizosafirishwa zilikaa zimefichwa kwa takriban nusu karne. Wazee wetu waliopitia mateso ya wakati wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London, ndipo mwaka 2011 serikali hiyo ilipokiri kwamba inayo maelfu ya majalada ya makoloni yake 37 ya zamani, yakiwa yamewekwa mahali panapoitwa Hanslope Park. Majalada hayo yalisaidia kesi. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228 na kueleza masikitiko yake. Karatasi ndizo zilizowafunga wazee, na karatasi ndizo zilizowasemea.

Na tuikumbuke Hola, kwa sababu Hola iko katika pwani yetu hii, kaunti ya Tana River, na sisi wa pwani hatuitaji vya kutosha. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa kizuizini waliuawa kwa kipigo walipokataa kufanya kazi kwa amri. Taarifa rasmi iliyotolewa mara baada ya hapo ilihusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa kutoka kwenye gari la maji. Fikiria taarifa hiyo ilivyoandikwa. Mtu alikaa kitini, akaweka karatasi tatu na kaboni mbili za kutolea nakala katikati, akazisawazisha, akazungusha rola, akaanza kupiga. Kengele ililia kila mwisho wa mstari. Neno "maji" kwa Kiingereza lina herufi tano tu.

Wewe ungetafuta nyundo, na siwezi kukulaumu. Lakini waliochoma na kuzamisha walisahau mashine. Ziliachwa mezani, zikarithiwa, zikachakaa, zikauzwa kwa mnada, zikaishia Changamwe kwa kilo. Nikiivunja hii, nitakuwa namalizia kazi yao. Kila taipureta iliyotumika ina kasoro zake ambazo hakuna nyingine inazo kwa mpangilio uleule: herufi iliyoinama, iliyolika, inayokaa juu ya mstari. Ndiyo maana kule Marekani, katika kesi ya Alger Hiss, ofisa wa zamani wa serikali aliyetuhumiwa ujasusi, ya mwaka 1949 na 1950, mabishano makubwa yalihusu taipureta moja ya Woodstock yenye namba 230099. Ndiyo maana Romania ya dikteta Ceaușescu, kwa amri ya mwaka 1983, ilimtaka kila mwenye taipureta aisajili polisi pamoja na mfano wa maandishi yake. Watawala walielewa kwamba mashine hujisaliti. Kwa hiyo nimeipiga Imperial herufi zote, kubwa na ndogo, tarakimu zote, mara tatu, kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa siku moja hati itatokea, katika jalada la Nairobi au la London au katika sanduku la mzee fulani, italinganishwa. Nakiri udhaifu mmoja, kwamba kibao cha vitufe cha Imperial 50 huondolewa, hivyo kilichomo leo huenda kilitoka katika mashine nyingine ya ofisi hiyohiyo au ya mbali. Nimeliandika hilo pia.

Umeuliza raha. Sipati raha nayo. Mashine kumi na mbili ziko sebuleni, hizi mbili haziko. Zimo katika kabati la chumba cha kusomea, kila moja na karatasi yake chini, iliyoandikwa nilikoipata, nilichokiona na nisichokithibitisha. Mlango wangu uko wazi kwako, uje uitazame ukiona inafaa, na ukija na nyundo nitakupokea vilevile, tutazungumza kwanza.

MCHANGIAJI ANAYEULIZA

Samahani kwa kuingilia. Je, serikali haina sheria juu ya vitu hivi? Na kwa nini usiipeleke Fort Jesus?

MWENYE UZI

Sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inavitaja vitu vya kale kuwa ni vile vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, kwa hiyo mashine ya karne ya ishirini haimo, na mtu anaweza kuinunua na kuiuza atakavyo. Ndiyo maana jukumu linabaki mikononi mwetu.

Fort Jesus nimeifikiria, na ni mfano mzuri kuliko yote ninayoweza kutoa. Jengo hilo lilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, na chini ya Waingereza likawa gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Hakuna aliyependekeza tuangushe kuta ili tusahau Wareno, wala tuzipake rangi tuseme kwamba lilikuwa jumba la starehe. Tunawapeleka watoto wa shule na tunawaambia yaliyotokea humo. Kwa taipureta ninachotaka ni hicho hicho, kwa kipimo kidogo. Nitakapozeeka zaidi nitaziandikia wasia ziende mahali penye watu wa kuzieleza, na Olympia na Imperial ziende pamoja, zisitenganishwe.

MPIGA TAIPU MSTAAFU

Wanangu, hamjambo. Mjukuu wangu ndiye anayeniandikia haya, mimi namwambia maneno.

Nina miaka sabini na sita. Nilijifunza taipu nikiwa msichana, katika darasa ambalo vitufe vyote vilifunikwa ili tusitazame vidole. Tulifundishwa kwamba mpiga taipu mzuri hasomi. Jicho huchukua, kidole hutoa, na akili haiingii katikati, kwa sababu akili ikiingia utakosea. Nilikuwa mzuri. Nilipiga maneno 50 kwa dakika na karatasi yangu haikuwa na ufutio.

Mwaka 1969 niliajiriwa katika ofisi moja hapa mjini iliyoshughulika na mambo ya ardhi. Hiyo ni baada ya uhuru, msidhani nazungumzia Wazungu. Mashine yangu ilikuwa Imperial, si ya zamani kama yako, mwanangu, ilikuwa ya rangi ya kijivu. Ilikuwa na ugonjwa mmoja: herufi h iliruka, ilikaa juu ya mstari kidogo. Fundi aliishusha mara mbili, ikarudi palepale. Nikaizoea.

Siku moja nilikwenda Kisauni kumwona shangazi yangu, dada wa baba, aliyekuwa na minazi yake na nyumba ya makuti. Nilimkuta ameketi barazani, ana karatasi mkononi, na hakujua kusoma khati hizi za Kizungu, alijua za Kiarabu tu. Akaniambia, mwanangu, nisomee. Nikaipokea. Kabla sijasoma neno hata moja niliiona ile h. Mnatakiwa kuhama. H imeruka. Kuhama, kuhama, mara tatu katika ukurasa mmoja, na zote zimeruka. Ilikuwa kazi ya vidole vyangu, wiki ile ile, katika fungu la hati ambazo nilizipiga kutoka asubuhi mpaka adhuhuri bila kosa hata moja, na jina la shangazi yangu nilikuwa nimeliandika mwenyewe nisilione.

Nilimsomea. Sikumwambia. Amefariki bila ya mimi kumwambia.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba mashine haina dhambi, nakubali, haina. Na karani hana, na mpeleka barua hana, na fundi hana. Mimi nimeishi na hesabu hiyo miaka mingi, na haijawahi kutoka sawa.

MCHANGIAJI KUTOKA LIKONI

Mama, shikamoo. Nayaondoa maneno yangu ya kisu. Nitamtafuta kaka yangu mkubwa nimuulize vizuri ni karatasi gani hasa baba yetu alizipiga bandarini, maana sikuwahi kuuliza.

MWENYE UZI

Shikamoo, mama. Nimeyasoma maneno yako nikaondoka kwenye kompyuta, nikarudi baada ya swala ya isha, na bado sijui niseme nini kinachotosha. Nitasema tu lile ninaloweza kulifanya.

Karatasi zilizo chini ya mashine zangu zinataja viwanda, miaka, namba na mahali nilipozinunua. Zinataja mabwana waliotia sahihi. Haziwataji waliopiga wala waliopokea. Nimekusanya miaka kumi na moja nikiamini kwamba naandika historia ya mashine hizi, kumbe nilikuwa naandika historia ya chuma chake. Nakuomba ruhusa, bila ya kukutaja jina wala ofisi, niyaandike uliyoyasema na kuyaweka pamoja na Imperial, ingawa siyo ile yako. Na kama afya yako inaruhusu, ningependa kukuletea mashine yenyewe uiguse, uniambie wewe uliyekaa mbele ya dada zake kwa miaka mingi ni yapi ninayoyaona vibaya. Nimeibadilisha utepe, rola yake imekuwa ngumu kwa uzee lakini inashika karatasi, na kengele inalia.

Ndugu yangu wa Tudor, nawe ukipenda tuje pamoja.

MCHANGIAJI, ALIYEZALIWA MURANG'A, ANAISHI TUDOR

Nitakuja. Nyundo nitaiacha nyumbani.

MPIGA TAIPU MSTAAFU

Marahaba, wanangu. Njooni Jumamosi baada ya alasiri, jua likiwa limepungua. Andika uliyoyasikia, nimekuruhusu, lakini nitayapiga mwenyewe, kwa vidole vyangu, kwenye mashine hiyo. Niletee karatasi nzuri, na kaboni moja. Nakala ya pili itabaki kwangu.